Tukienda Nakuru kujifunza, tujifunze nini?

Kila nikisikia maafisa wa kaunti fulani ya Pwani wamefunga safari kwenda Nakuru kujifunza maendeleo, swali langu huwa moja: sisi na wao tunafanana wapi? Nauli ile ni pesa ya mlipa kodi.

Nakuru inavutia, sikatai. Ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ina Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, mashamba ya maua Naivasha, na mvuke wa ardhini Olkaria, ambako umeme ulianza kuzalishwa mwaka 1981. Huko Menengai mvuke huo umejaribiwa hata kuchemshia maziwa na kupashia joto mabwawa ya samaki. Lakini mvuke haubebwi kwa gunia. Kwa hilo mwenzake Nakuru ni Iceland, ambako wataalamu wengi wa Kenya wamesomea kazi hiyo. Si Kilifi wala Kwale.

Watafiti wa taasisi ya Orkestra, eneo la Basque huko Uhispania, wana njia ninayoipenda. Kabla ya kuuliza nani amefaulu, hutafuta maeneo yanayofanana kwa mambo yasiyobadilika upesi: idadi ya watu, umri wao, elimu, aina ya viwanda, ukubwa wa kampuni. Wakishawapata wanaofanana nao, ndipo huuliza: huyu mwenye hali kama yangu amenipitaje?

Kwa jicho hilo, cha kutuhusu Nakuru ni pareto. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa maua hayo ya kutengenezea dawa ya wadudu, na kiwanda chake kiko mjini Nakuru. Kisha wakulima wakacheleweshewa malipo, wengi wakang'oa pareto wakapanda viazi. Tasmania, kisiwa cha Australia, ikaipita Kenya. Je, Nakuru iige Tasmania? Baridi inafanana, mashamba hayafanani. Kule ni mashamba makubwa yanayovunwa kwa mashine. Molo watu huchuma kwa mkono, ua baada ya ua, kwenye vishamba vidogo. Mbegu bora na watafiti wa chuo walio karibu na mkulima, hayo yanaweza kuigwa. Mashine, la.

Sasa tazama Kilifi. Wakulima wadogo vilevile, mikorosho iliyozeeka, na kiwanda cha korosho kilichofungwa miaka ya 1990. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi, lakini marufuku haipandi miti. Nakuru nao, sheria ya mwaka 2013 iliwafungulia soko la pareto, wanunuzi wengine wakaruhusiwa kuingia.

Kwa hiyo wajumbe wetu wakipenda wapite Naivasha waone maua, ila walale Molo. Wamtafute mkulima aliyerudi kwenye pareto, wamuulize nani alimpa miche, hulipwa baada ya siku ngapi, na kwa nini jirani yake bado anakataa.