Boti za Makazi za Ziwa Dal: Nyumba Zilizonyimwa Kiwanja

Boti ya makazi ni chombo cha mbao kilichoundwa ili watu walale, wale na kupokea wageni juu ya maji, na tofauti yake na jahazi au mashua ya uvuvi ni kwamba kwa kawaida haikusudiwi kusafiri. Mfano wake mashuhuri unapatikana katika Ziwa Dal na ziwa dogo la Nigeen linaloungana nalo, mjini Srinagar, katika bonde la Kashmir nchini India, karibu mita 1,580 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Zabarwan. Huko boti hizo hufungwa kwenye nguzo, ubavu kwa ubavu, zikakaa papo hapo miaka nenda miaka rudi, ilhali safari za kwenda na kurudi nchi kavu hufanywa kwa shikara, yaani mashua nyembamba yenye kivuli cha kitambaa, inayoendeshwa kwa kafi lenye bapa la umbo la moyo.

Asili ya makazi haya inahusu sheria ya ardhi zaidi ya mapenzi ya maji. Mwaka 1846, kwa Mkataba wa Amritsar, Waingereza walimwachia Gulab Singh nchi ya Kashmir kwa rupia 7,500,000, na watawala wa ukoo wake wa Dogra hawakuwaruhusu wageni kumiliki ardhi humo. Waingereza waliokimbilia bondeni kuepa joto la tambarare za India walijikuta hawana pa kujenga, wakageukia dunga, chombo kirefu chenye paa la mikeka ambacho Wahanji, jamii ya wanamaji wa Kashmir, walikuwa wakiishi humo na familia zao. Na kufikia mwishoni mwa karne ya 19 chombo hicho kilikuwa kimepanuliwa kikawa nyumba kamili yenye sebule, chumba cha kulia na vyumba vya kulala. Hivyo maji yalifanywa kiwanja kwa sababu kiwanja cha nchi kavu kilikuwa kimezuiwa.

Uundaji wake hutegemea mbao za mwerezi wa Himalaya, ambazo mafuta yake ya asili hufukuza wadudu na kuchelewesha kuoza. Mbao zilizozama muda wote hudumu sana, kwa kuwa kuvu wanaoozesha mti huhitaji hewa pamoja na unyevu, na kwa sababu hiyo sehemu dhaifu zaidi ni ile ya usawa wa maji, inayolowa na kukauka kwa zamu, ambayo mafundi hulazimika kuikagua na kuikalafati mara kwa mara kama ifanywavyo kwa jahazi. Ndani, dari hupambwa kwa khatamband, yaani vipande vidogo vya mbao vilivyokatwa kwa maumbo ya pembe nyingi na kupachikwa pamoja bila misumari, nazo samani huchongwa kwa mti wa jozi.

Utulivu unaosifiwa na wageni una ratiba yake. Kabla ya jua kuchomoza, wakulima wa bustani zinazoelea, ambazo ni matandiko ya matete na magugu yaliyowekewa tope, hukusanya mashua zao na kuuziana mboga majini, na soko hilo huwa limekwisha wakati wageni wengi wanapoamka. Kinywaji cha kukaribishwa huitwa kahwa, na ijapokuwa jina hilo humkumbusha Mswahili kahawa, ni chai ya kijani iliyotiwa zafarani, iliki, mdalasini na lozi. Wakati wa baridi, ziwa linapoweza hata kuganda, vyumba hupashwa joto kwa bukhari, jiko la bati lenye bomba la kutolea moshi, na hapo ndipo sifa ya mwerezi hugeuka hatari, kwani mafuta yanayoukinga na wadudu huchochea pia moto: Novemba 2023 moto uliteketeza boti kadhaa katika Ziwa Dal na kuua watalii 3.

Hatari ya polepole zaidi ni majitaka. Kwa miaka mingi vyoo vya boti vimemwaga uchafu moja kwa moja ziwani, nao mji wa Srinagar umeongeza wake, na naitrojeni pamoja na fosforasi zilizomo hurutubisha maji kupita kiasi, magugu yakashamiri, kisha yanapooza hula oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Mamlaka zimezuia ujenzi wa boti mpya na kuanza kuunganisha baadhi ya zilizopo na mabomba ya majitaka, lakini kazi hiyo haijakamilika.

Nyumba iliyofanya ziwa kiwanja chake haiwezi kudumu kuliko ziwa lenyewe. Kwa hiyo mgeni anayekusudia kukodi chumba katika boti ya makazi, kabla ya kuuliza bei au mandhari ya dirishani, na aulize kwanza choo chake kinamwaga wapi.