Wakili Anapofutwa Kazi

Je, mama, ungekuwa na kesi ya shamba la mikarafuu huko Wete au Mkoani, nawe hujui sheria, ungemwendea nani? Bila shaka ungemtafuta wakili. Ungemkabidhi hati alizoacha marehemu mumeo, ungemweleza siri za nyumba yako, na pengine ungempa fedha ulizozikusanya kwa taabu. Kazi ya uwakili, basi, ni amana. Ndiyo maana sheria imeweka njia ya kumrudi wakili anayeivunja.

ADHABU ZENYEWE

Kwa Tanzania Bara, mashauri ya nidhamu husikilizwa na Kamati ya Mawakili, ambayo mwenyekiti wake ni jaji. Kamati yaweza kumwonya wakili, kumsimamisha kwa muda, au kulifuta jina lake katika orodha ya mawakili. Adhabu hiyo ya mwisho ni nzito. Aliyefutwa hawezi tena kusimama mahakamani kumtetea mtu. Riziki yake inakatika, na wateja wake wanabaki njia panda.

Zanzibar, yaani Unguja na Pemba, ina Mahakama Kuu yake na utaratibu wake wa mawakili. Wakili aweza kufungiwa upande mmoja wa Muungano, na upande wa pili akaendelea na kazi.

YALIYOMPATA FATMA KARUME

Jambo hilo lilionekana wazi kwa Bi Fatma Karume, mwanasheria wa Zanzibar aliyekuwa Rais wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika kuanzia 2018 hadi 2019. Alikuwa akisimamia kesi ya kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tarehe 20 Septemba 2019 Mahakama Kuu iliitupa kesi hiyo, na katika uamuzi huohuo ikamsimamisha uwakili Tanzania Bara kwa sababu ya maneno aliyoyaandika katika hoja zake. Septemba 2020 Kamati ya Mawakili ikamfuta kabisa. Amri hizo zilihusu Bara. Zanzibar alibaki kuwa wakili.

Hakukaa kimya. Alikata rufaa, na Juni 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi wa Kamati.

Tunajifunza nini hapa? Tunajifunza kwamba hata wanaowarudi wengine nao wana wa kuwapima. Nidhamu ni lazima, la sivyo wanyonge wataliwa. Lakini anayeshtakiwa naye ana haki ya kusikilizwa na kukata rufaa, kwani wakili akiogopa kusema, mteja wake ndiye anayekosa mtetezi.

NAWE UFANYEJE?

Kwanza, tofautisha kushindwa na kudhulumiwa. Wakili mwema aweza kushindwa kesi. Lakini akila fedha zako, akificha hati zako, au akipokea malipo kwa siri kutoka kwa mpinzani wako, hilo ni kosa la kazi.

Pili, weka kumbukumbu. Dai stakabadhi kwa kila shilingi unayolipa. Mpe nakala za hati, na hati halisi zibaki kwako mpaka mahakama itakapozihitaji. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa.

Tatu, usiishie kulalamika kisimani. Andika malalamiko yako ukitaja tarehe na kiasi cha fedha, uyapeleke panapohusika. Kama hujui pa kuanzia, kipo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kina ofisi Chake Chake. Wapo pia wasaidizi wa sheria vijijini, ambao wengi wao ni akina mama kama wewe.

Mama mpendwa, usiogope kumwuliza wakili wako maswali. Aliye mwaminifu hatachukia. Shamba ni lako, na watoto watakaolirithi ni wako.