Ujumbe Unavuka Milima Namna Gani?

Wadogo wetu wanatuuliza sisi wa darasa la sita: juu ya nini Motorola inasikika vizuri hapa Kitshanga, lakini Goma haisikii kitu? Ni milima. Mawimbi yake yanaenda moja kwa moja sawa vile mwangaza wa toroshi. Yakikuta mlima, yanaishia pale. Basi kunaombwa mtu wa katikati, ao mashini juu ya mlima, ya kupokea ujumbe na kuupitisha. Mashini ile inaitwa rele. Hata minara ya simu inapitishiana hivyo: ule wa katikati ukizima, sisi wote wa nyuma tunanyamaza.

Kuko namna mbili ya kupitisha. Kwanza, rele inaongezea sauti nguvu tu. Ni mwepesi, lakini makelele nayo yanaongezewa nguvu. Namna ya pili, inasikiliza, inaelewa, kisha inasema upya, sawa vile mtu wa foni anavyoandika ujumbe kwa daftari na kuusomea kituo cha mbele. Makelele yanabaki nyuma. Lakini akisikia vibaya, kosa litafika kwa sauti safi kabisa, na hakuna atakayelishuku. Munganga ameomba chupa za seramu "dix", Goma inaandika "six": chupa nne zimekosa, na mgonjwa amelala pale anangoja. Rele ya maana ni ile inayokataa kupitisha isichoelewa, na kuomba ujumbe urudiliwe.

Sasa hesabu. Kipande kimoja cha njia kikipitisha ujumbe 9 juu ya 10, vipande viwili vinafuatana ni 0,9 × 0,9 = 0,81; vitatu ni karibu 0,73. Kumbe kurefusha mstari kunapunguza uhakika! Lakini tukiweka njia mbili pembeni, kila moja ya vipande viwili, ujumbe unapotea tu kama zote zimekosa: 0,19 × 0,19 = 0,0361. Ni kusema unafika mara 96 juu ya 100.

Hapa wengi wanafurahi mbio sana. Hesabu hii inakubali tu kama kila njia inakufa kwa sababu yake yenyewe. Rele mbili juu ya mlima mumoja, zenye kunywa mazutu ya jenereta moja, radi moja inazizimisha zote. Kwa karatasi ni mbili. Kwa kweli ni moja.

Tena hatuko peke yetu hewani. Mwaka 1970, Norman Abramson wa Hawaii alionyesha kama kila mtu akisema wakati anapenda, ujumbe unagongana, na hata siku nzuri njia inatumika karibu 18 tu juu ya 100. Na rele ya frekansi moja haiwezi kusikiliza na kusema pamoja, kwa hiyo kila ujumbe unakula nafasi mara mbili. Ndiyo maana foni ina saa zake na mkubwa wa kuita vituo kimoja kimoja. Akikuambia "ngoja", si kiburi.

Hesabu yote iko kwa ubao wa darasa letu mpaka siku ya posho. Mwenye kuona njia ya tatu, alete chaki.