Ponti Nzito, Freni Nzito

Ndugu shofere, kamioneti yako ya Kasongo ao Kabambare imewekwa ponti kubwa na resori ngumu nyuma. Vizuri, lakini usiongeze mzigo bado. Ponti inabeba, freni ndizo zinazosimamisha. Freni za nyuma ziwekwe kubwa pia, na za mbele pamoja na matairi viangaliwe.

Kuna jambo linalosahauliwa. Magari mengi yana kifaa karibu na ponti: mzigo ukilishusha gari, kinaongeza nguvu ya freni za nyuma. Resori ngumu hazishuki sana. Kifaa kinaona gari ni tupu, freni zinapungukiwa nguvu. Fundi akirekebishe, kisha ajaribu gari tupu, halafu na mzigo.

Nawe mama, mbele ya kupanda na watoto juu ya magunia, uliza: freni zimejaribiwa? Kama bado, mbaki chini.