Elki wa Kwanza: Gharama za Uwindaji kwa Mtu wa Uvira Aliyehamia Magharibi ya Marekani

Familia za kwanza za Wakongomani zilifika Missoula, jimboni Montana, mwezi Agosti 2016, baada ya shirika la International Rescue Committee kufungua tena ofisi yake mjini humo. Wengine walikuwa wamekwisha tangulia Boise na Twin Falls, katika jimbo jirani la Idaho. Wengi wao ni watu wa Kivu ya Kusini: Wabembe wa Fizi, Wavira, Wafuliiru, Banyamulenge wa milimani, watu waliopitia kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania au kambi za Burundi kabla ya kupanda ndege. Leo watoto wao wanakulia katika miji ambako majani yakianza kugeuka rangi, kazini na shuleni hadithi ni moja: nani amepata kibali, nani ameona nyayo, nani ana nyama ya kutosha hadi Pasaka.

Nyama yenyewe ni ya elki, mnyama wa jamii ya kulungu, lakini mkubwa mno. Dume hufikia kilo 300 na zaidi, jike karibu kilo 225. Baba aliyezoea kununua ndagala Uvira, sokoni Kimanga au Mulongwe, na ambaye babu yake alikuwa msasi wa mbwa wenye njuga kule Itombwe, akisikia kwamba jike mmoja huweza kujaza friza nzima, lazima aulize bei. Ndilo swali ninalotaka kulijibu hapa, nikitumia hasa mfano wa Montana na Idaho. Jibu langu naliweka wazi tangu mwanzo: uwindaji huu unaweza kuwa nafuu kuliko bucha, lakini kwa mkazi tu, kwa mwenye karatasi safi, na kwa asiyekimbilia kununua kila kitu mwaka wa kwanza.

Tuanze na leseni, maana hapo ndipo tofauti ilipo kubwa kuliko pote. Mkazi wa Montana hulipa leseni ndogo mbili za msingi, kisha dola 20 za kibali cha elki. Jumla haifiki dola 50. Mkazi wa Idaho hulipa dola 15.75 za leseni na 36.75 za kibali. Anayetoka jimbo lingine hulipa Idaho dola 185 za leseni na 651.75 za kibali. Montana humtoza mgeni zaidi ya dola 1,000, tena kwa kura: maombi hufungwa tarehe 1 Aprili, na sheria imeweka idadi ya leseni hizo za wageni kuwa 17,000. Kwa hiyo shemeji anayeishi Ohio au Kentucky, akitaka kuja kuwinda na ndugu zake wa Missoula, ajue kwamba karatasi peke yake itamgharimu zaidi ya mara ishirini ya wanacholipa wenyeji wake. Aje msimu ule, abebe nyama, apike, akae na watoto kambini. Mwaka wa kwanza asinunue kibali.

Ukazi nao una masharti. Montana inataka siku 180 mfululizo, gari liwe limesajiliwa jimboni, na kodi ilipwe hapo kama mkazi. Idaho inataka miezi sita. Usidanganye hata kwa wiki moja. Faini yake inapita bei ya leseni ya mgeni.

Kisha kuna darasa la usalama wa uwindaji. Montana inalidai kwa kila aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985. Idaho kwa aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye. Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Wakimbizi wengi wameandikiwa 1 Januari kwenye karatasi zao kwa sababu siku halisi haikujulikana kambini. Mtu aliyeandikwa 1 Januari 1985 Montana hadaiwi darasa. Aliyeandikwa 1 Januari 1975 Idaho anadaiwa. Hata hivyo ushauri wangu ni kwenda darasani, uwe unadaiwa au hudaiwi. Montana darasa la ana kwa ana ni bure. Nenda na binti yako au mwanao anayejua Kiingereza vizuri, mfanye mtihani pamoja. Huko utajifunza namna ya kushika bunduki mbele ya watu, namna ya kuvuka ua nayo, na kwa nini mtu hafyatui risasi asipoona kilicho nyuma ya mnyama.

Sasa bunduki. Kwetu bunduki ni kitu cha askari na cha wanamgambo wa Mai-Mai, na wapo wazee, na kina mama zaidi, ambao hawataki kuiona ndani ya nyumba. Jambo hili liheshimiwe kabla ya kuzungumza bei. Mzungumze nyumbani kwanza. Kama mama wa watoto hataki, ipo njia: rafiki au jirani mwindaji aiweke kwake, katika kabati la chuma lenye kufuli.

Upande wa sheria, mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mwenye kadi ya kijani wanaruhusiwa kununua bunduki ya kuwindia. Aliye na viza ya muda kwa kawaida amekatazwa, ingawa leseni halali ya uwindaji humfungulia mlango. Ambaye ombi lake la hifadhi bado halijajibiwa asiguse bunduki yoyote kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mke au mwenzi wake amefungiwa, hata kama kosa lilihesabiwa dogo.

Dukani utajaza fomu ya serikali iitwayo 4473, halafu jina lako litapelekwa kukaguliwa. Isome fomu hiyo polepole, na mtu unayemwamini awe pembeni. Inauliza kama wewe ni raia. Ukiweka alama kwamba ni raia hali bado hujawa, hata kwa kutoelewa Kiingereza, unaweza kupoteza haki ya kubaki Marekani. Na ndugu akikuambia, “Kaka, nisainie wewe, mimi karatasi zangu bado,” mkatalie, hata kama ni mtoto wa mama mdogo. Kumnunulia bunduki mtu asiyeruhusiwa ni kosa la shirikisho. Tangu sheria ya 2022 kifungo chake hufikia miaka 15, na kwa asiye raia hukumu inaweza kufuatwa na kurudishwa. Gharama hii haiandikwi dukani popote, lakini ndiyo kubwa kuliko zote.

Bei zenyewe hazitishi. Bunduki mpya ya bei nafuu, yenye darubini juu yake, kama Savage Axis au Ruger American, hupatikana kwa dola 400 hadi 600. Kuukuu nzuri ya .30-06, risasi iliyoanza mwaka 1906 na bado inaangusha elki, huuzwa kwa dola 300 au 400. Wauzaji watakutajia .308, .270, 6.5 Creedmoor na nyingine zenye sifa ndefu. Chagua ile ambayo risasi zake zinauzwa kila duka na ambayo haikupigi bega hadi uiogope. Pakiti ya risasi 20 ni dola 30 hadi 60, na unahitaji mbili: moja ya mazoezi, moja ya pori. Mimi ningeazima mwaka wa kwanza. Montana na Idaho zinaruhusu rafiki kukuazima bunduki kwa ajili ya kuwinda, mradi wewe si mtu aliyekatazwa na sheria.

Kwenye mavazi sitakawia. Duka la mitumba linatosha: suruali ya sufi, sweta la sufi, koti lisilopitisha upepo. Epuka pamba, ikilowa theluji humpoza mtu hadi akapoteza akili. Mahali pa kuweka pesa ni miguuni, buti nzuri za dola 150 au zaidi, uzitembeze mwezi mzima kabla ya safari. Montana inataka rangi ya chungwa kali ya inchi za mraba 400 juu ya kiuno. Kizibao chake ni dola 15. Kuna dubu, kwa hiyo kopo la dawa ya kumfukuza, dola 45 hivi, lisikosekane. Ramani ya simu ya onX, kampuni iliyoanzia Missoula kwenyewe, ni karibu dola 35 kwa mwaka kwa jimbo moja, nayo huonyesha ardhi ya serikali na ya mtu binafsi, jambo linaloweza kukuepusha na mahakama. Watu wa Bijombo na milima ya Itombwe watagundua kwamba baridi na mwinuko si vigeni kwao. Sisi tuliokulia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari, lazima tuanze kupanda vilima tangu Julai.

Njia ya kuwinda ina ngazi tatu za bei. Ya kwanza ni kwenda na mwenyeji anayejua pori. Montana ina mpango wa mwindaji mwanafunzi, ambapo mtu huwinda miaka miwili chini ya mlezi kabla ya kumaliza darasa. Na mpango wa Block Management hufungua mashamba ya watu binafsi kwa wawindaji bila malipo. Unagawana petroli, basi. Ya pili ni kukodi kambi iliyokwisha wekwa msituni, ambapo farasi hukupeleka na kukurudisha: dola 2,000 hadi 3,500. Ya tatu ni mwongozaji kamili, hema, chakula na farasi, dola 5,000 na kuendelea hadi mara mbili yake. Mwongozaji hawezi kukuahidi mnyama. Kwa familia inayolipa kodi ya nyumba na kutuma pesa za shule Uvira, siioni sababu ya ngazi ya pili wala ya tatu.

Tuhesabu basi. Mkazi wa Montana aliyeazima bunduki: leseni 40, risasi 80, kizibao 15, buti 150, mitumba 60, petroli yake 100, kisu na mifuko ya nyama 70, dawa ya dubu 45. Jumla ni dola 560. Jike mmoja hutoa nyama isiyo na mfupa kama kilo 75, yaani dola saba na nusu kwa kilo. Akinunua bunduki ya 450, kilo inafika dola 13 na nusu. Mwaka 2025 nyama ya ng’ombe ya kusaga madukani ilipita dola 6 kwa pauni, ambayo ni zaidi ya dola 13 kwa kilo. Mbuzi mzima wa shambani, ambaye wengi wetu tunamtafuta kwa sherehe, ni dola 200 au zaidi, na hupati kilo 20 baada ya kuchinja.

Lakini hesabu hiyo inadhani mnyama ameanguka. Kwa kawaida anayepata ni mmoja kati ya watano, mara nyingi pungufu. Ukiwa na kibali cha jike mahali wilaya inaporuhusu, nafasi huongezeka, usitamani pembe. Kuanzia mwaka wa pili buti na kisu vipo, na msimu unagharimu dola 220 hivi. Asiyetaka kungoja ana njia nyingine: tangu 2013 Montana inaruhusu kuchukua mnyama aliyegongwa na gari, kwa kibali cha bure kinachoombwa ndani ya saa 24.

Mnyama akianguka ndipo kazi inapoanza. Weka tarehe kwenye kibali palepale. Mchune upesi, maana ngozi yake nene hushika joto na nyama huharibika hata penye theluji. Paja moja la dume lenye mfupa huwa kilo 25 au zaidi. Kilomita tatu za mlima ni safari nne au tano kwa mtu mmoja, na kwa wanaume wanne ni safari moja ndefu. Hapo ndugu wana thamani kuliko kifaa chochote. Bucha la kukata hudai dola 250 hadi 400; mkikata wenyewe jikoni mnabaki nazo, na waliokausha samaki kule Kalundu, Uvira, hawahitaji kufundishwa kubanika nyama. Kabla ya kula, peleka kichwa kwa idara ya wanyamapori kipimwe ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, uliogunduliwa porini Montana mwaka 2017 na Idaho 2021. Montana hupima bila malipo. Ubongo na uti wa mgongo visiliwe.

Desturi mbili za kwetu zinagongana na sheria ya huko. Kibali ni cha mtu mmoja: huwezi kumpigia kaka yako mnyama wake, hata kama mlitoka pamoja na mtagawana sawa. Na nyama ya porini haiuzwi. Unaweza kumpa mjane wa kanisani, jirani, padri, harusi nzima. Ukipokea hata dola kumi kwa kilo, umevunja sheria.