Saa 72 baada ya kunajisiwa: Nenda hospitali kabla ya kuoga

Jambo la kwanza ambalo mtu aliyenajisiwa hutamani ni maji. Anataka aoge, asugue mwili, afue nguo au azichome, kisha ajifungie chumbani asionane na mtu. Haja hiyo inaeleweka, lakini madaktari humwomba asubiri kidogo, kwani mwilini na katika nguo hizo ndimo ulimo ushahidi, na saa zinahesabika.

Hesabu yenyewe ni hii. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, ambazo wahudumu wa afya huziita PEP, sharti zianze kumezwa kabla ya saa 72 kupita. Aliyeshambuliwa Ijumaa saa nne usiku, muda wake unakwisha Jumatatu saa nne usiku. Hata hivyo, si vyema kuzimaliza saa hizo ukiwaza na kuwazua, kwa kuwa dawa zikianza mapema ndipo kinga inapokuwa bora zaidi. Humezwa kila siku kwa muda wa siku 28. Baadhi ya watu hupata kichefuchefu au uchovu, na hapo ndipo wengi huziacha katikati. Ukisumbuka, rudi kwa daktari akusaidie, lakini usiziache.

Mwanamke anaweza kupewa tembe za dharura za kuzuia mimba hadi siku 5 baada ya tendo, ingawa nazo hufaa zaidi zikimezwa mapema. Daktari hutoa pia dawa za kuzuia magonjwa ya zinaa kama vile kisonono na kaswende, na chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Je, aliyekwisha kuoga? Aende vivyo hivyo. Kuoga hupunguza ushahidi, hakupunguzi haki yake ya kutibiwa. Nguo alizokuwa amevaa azibebe bila kuzifua, katika mfuko wa karatasi au zikiwa zimefungwa kwa gazeti (hata hili lafaa), kwani plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi.

Wengi huanzia kituo cha polisi, wakapoteza siku nzima kwenye foleni. Ni heri kuanzia hospitalini. Hakuna sababu ya mgonjwa kunyimwa matibabu eti kwa kuwa hajapiga ripoti. Daktari au muuguzi humpima na kujaza fomu iitwayo PRC, ambayo hutumiwa baadaye pamoja na ile ya P3 inayotolewa na polisi. Jijini Nairobi, hospitali ya Kenyatta ina kitengo cha kuwahudumia waathiriwa, na Nairobi Women's Hospital imekuwa na kituo cha aina hiyo tangu 2001. Mombasa kuna hospitali kuu ya Coast General.

Kuna swali moja linaloumiza kuliko yote, nalo huulizwa hata na mama mzazi: "Mbona hukupiga mayowe?" Mwili wa binadamu ukipatwa na hofu kubwa, mara nyingi huganda. Sauti hukataa kutoka na miguu haisogei. Huko si kukubali. Wanaume na wavulana pia hunajisiwa, nao hunyamaza zaidi kwa kuogopa kuchekwa.

Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006 yaweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa mbakaji, na kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini. Tena, mahakama yaweza kumhukumu mshtakiwa kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Kwa hivyo wazee wanaoketi kupatana kwa mbuzi au pesa, hasa aliyetenda akiwa mjomba au jirani wa ploti, hawana mamlaka ya kuifuta kesi. Wanachofanya ni kumrudisha mtoto mikononi mwa yule yule.

Mtoto aweza kukosa maneno. Mzazi atazame iwapo ameanza kukojoa kitandani upya, anaumia akienda haja, anamkwepa mtu fulani au amekataa shule ghafla. Asimtishe wala kumhoji kama askari. Nambari ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116, nayo ya wote waliodhulumiwa ni 1195. Zote ni za bure, mchana na usiku.

Vidonda vikipona, usingizi huenda usirudi upesi. Jinamizi, kushtuka kwa mlango na kuchukia kuguswa ni mambo ya kawaida, nayo yana tiba: ushauri nasaha, unaotolewa katika vituo hivyo hivyo. Kipimo cha virusi hurudiwa baada ya wiki kadhaa na tena miezi 3 baadaye. Siku hiyo ya kurudi, mtu asiende peke yake ikiwa ana rafiki wa kumsindikiza.