Mkojo, Damu na Singa: Utangulizi wa Uchunguzi wa Sumu na Dawa kwa Farasi

Huenda umefika hapa kwa njia ya kemia, au ya udaktari wa mifugo, au uliwahi kutazama mbio za Ngong au za Dubai ukajiuliza: wanajuaje kwamba yule aliyeshinda hakupewa kitu? Vyovyote ulivyoingia, usitishwe na majina marefu ya mashine. Tutayafikia. Kwanza nataka ujue tunachokitafuta na kinakojificha, kwa kuwa mwanafunzi anayeijua mashine kabla ya kulijua ini la farasi hupata majibu safi asiyojua yana maana gani.

Tuanze na sampuli, yaani kiasi kidogo kinachochukuliwa ili kituambie habari za mwili mzima. Mbio zikiisha, farasi aliyeteuliwa hupelekwa kwenye banda maalumu, akatembezwa taratibu mpaka apoe, akapewa maji. Kisha mtu husimama ubavuni pake ameshika kikombe chenye mpini mrefu, akaanza kupiga mluzi. Si mzaha: farasi wengi wa mbio wamezoeshwa kukojoa wakisikia mluzi. Mkojo ukipatikana hugawanywa katika chupa mbili, A na B, zikafungwa kwa lakiri na kupewa namba. Maabara huletewa namba, si jina la farasi. Chupa A hupimwa. Chupa B hukaa kwenye friza, ikingoja siku ambayo mwenye farasi atayakataa majibu.

Mkojo wenyewe utakushangaza. Ni mzito, una ute, na umejaa chembe za kalsiamu kaboneti kiasi kwamba huoni upande wa pili wa chupa. Mgeni hudhani mnyama anaumwa. La, huo ndio mkojo wa farasi mzima, na sehemu kubwa ya kazi yetu ya asubuhi ni kuusafisha tu.

Kwa nini basi tuhangaike na mkojo, wakati damu ni rahisi kuchukua? Jibu liko kwenye ini. Dawa ikishaingia mwilini, ini huibadilisha ili iyeyuke vizuri majini na figo ziweze kuitoa. Kitu kilichozaliwa na mabadiliko hayo huitwa metaboliti. Mkojo hukusanya dawa na metaboliti zake kwa wingi kuliko damu, na mara nyingi huzihifadhi kwa muda mrefu zaidi. Damu, kwa upande wake, hueleza kilichokuwa kikizunguka mwilini saa ile ile. Mkojo unasimulia yaliyopita, damu inasimulia yaliyopo, na mchunguzi makini huvitaka vyote viwili.

Sasa tunahitaji kukitenganisha kitu kimoja na maelfu ya vingine. Mwaka 1910, huko Vienna, wanakemia walikuwa wakipima mate ya farasi kutafuta alkaloidi, kundi la kemikali za mimea ambamo mna mofini na striknini. Leo tunatumia kromatografia, ufundi wa kutenganisha vilivyochanganyika. Mchanganyiko husukumwa ndani ya neli nyembamba, na kila kitu hushikwa humo kwa nguvu yake na kutoka kwa wakati wake, kama abiria wa daladala waliopanda wote Kariakoo: huyu anashuka Magomeni, yule Mbezi. Ila watu wawili wasiojuana wanaweza kushuka kituo kimoja, kwa hiyo wakati wa kutoka peke yake si ushahidi. Hapo ndipo inapoingia spektromita ya masi. Hii huzipa molekuli chaji ya umeme, huzivunja, kisha hupima uzito wa vipande. Vipande na wakati vikilingana na vya dawa halisi iliyopimwa siku hiyo hiyo, kwa mashine hiyo hiyo, ndipo tunathubutu kuandika jina la dawa kwenye ripoti.

Najua unachotaka kuuliza: dawa ikishaonekana, si kesi imekwisha? Mwaka 1968 farasi Dancer's Image alitangulia kwenye Kentucky Derby, Marekani. Mkojo wake ukaonyesha fenilibutazoni, dawa ya maumivu na uvimbe wa viungo. Daktari wake alikiri kumpa dawa hiyo, lakini siku kadhaa kabla ya mbio. Ushindi alipewa Forward Pass, na mabishano yakaendelea mahakamani kwa miaka. Swali lililowasumbua watu wote wale ndilo moyo wa fani hii: kiasi kilichobaki kinasema nini kuhusu kilichoingia, na lini?

Mashine za sasa zimelifanya swali hilo kuwa gumu zaidi, maana zinaona nanogramu, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu. Ukiona kidogo namna hiyo, utaona hata chakula. Theobromini hutoka kwenye maganda ya kakao yanayochanganywa katika malisho. Mofini hutoka kwenye mbegu za popi. Mwaka 2014 Estimate, farasi wa Malkia wa Uingereza, alipoteza nafasi ya pili aliyoipata kwenye mbio za Ascot kwa sababu ya mofini iliyoingia kupitia malisho. Kwa vitu kadhaa vya aina hii kumewekwa ukomo, kiwango ambacho chini yake hakuna kosa: theobromini ni maikrogramu 2 kwa kila mililita ya mkojo. Binafsi naona kuweka ukomo wa haki ni kazi ngumu kuliko kununua mashine.

Sumu zina mwenendo wake. Monensini, dawa inayowekwa kwenye chakula cha kuku kuzuia ugonjwa wa koksidiosi, huharibu misuli ya moyo wa farasi. Miligramu 2 au 3 kwa kilo ya uzito zaweza kumuua, wakati kuku huvumilia mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa sumu hii, anza kwenye hori: pima chakula chenyewe na kilichomo tumboni. Kwetu, ambako punda ni wengi kuliko farasi, ningekuomba uikumbuke pia fumonisini, sumukuvu ya mahindi iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988. Huozesha ubongo wa farasi na wa punda, na huingia kwa pumba zilizoota ukungu.

Kisha kuna singa, nywele ndefu za shingoni, ambazo hutunza kumbukumbu kadiri zinavyokua. Phar Lap, farasi bingwa wa mbio za Melbourne Cup za 1930, alikufa ghafla California mwezi Aprili 1932. Ngozi yake ilitengenezwa kwa maonyesho, na watengenezaji wa ngozi walitumia aseniki. Ungeitofautishaje hiyo na aseniki aliyoimeza? Watafiti walichukua nywele chache tu na kuzimulika kwa eksirei kali za sinkrotroni, mtambo unaoharakisha elektroni, ili waone aseniki imekaa wapi ndani ya unywele na katika umbo gani la kikemia. Iliyoletwa na damu ilionekana karibu na mzizi, tofauti na ile ya ngozi. Katika ripoti yao ya 2010 walihitimisha kwamba alimeza kiasi kikubwa saa 30 hadi 40 hivi kabla ya kufa. Wapo waliosema ni sumu ya wahalifu. Lakini daftari la Harry Telford, mkufunzi wake, ambalo sasa limehifadhiwa na makumbusho huko Melbourne, lina maelekezo ya dawa za kuwatia farasi nguvu, na aseniki ni mojawapo ya viungo vyake.